Tundu la Koti la Mwalimu

Mama yangu anafanya kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Mwashi akimaliza ukuta, wapita njia wanausifu. Mpishi akipakua, watu wanalamba vidole. Mama akimaliza, mwenye nguo anaigeuza huku na huku, anauliza, "Lilikuwa wapi vile?" kisha anaanza kunung'unikia bei, kwa sababu haoni alicholipia.

Anaziba matundu. Si kwa kiraka wala kwa cherehani. Anachomoa nyuzi kwenye upindo wa ndani wa nguo ileile, mahali ambapo hata mwenye nguo hajawahi kupachungulia, kisha anazisuka kwa sindano palipotoboka, juu, chini, juu, chini, mpaka kitambaa kinasahau kwamba kiliwahi kuungua. Anafanyia kazi hiyo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza chini ya dirisha, taa ya shingo ndefu kushoto, kioo cha kukuzia kimefungwa kwa waya kwenye mguu wa meza ili kaka yangu asikiazime. Wateja wanamwita Fundi Matundu. Wengi wanafika na mfuko uliofungwa na wanatazama mtaa kabla ya kuingia, maana mtu haleti tundu kwa mama ila kama nyumbani kuna asiyetakiwa kulijua.

Mwalimu naye aliingia hivyohivyo. Mwalimu ni mume wa shangazi yangu. Alistaafu zamani, lakini kalamu nyekundu haijatoka kwenye mfuko wa shati. Alileta koti la suti la kahawia, zawadi ya shangazi, na kifuani palikuwa na alama ya pasi na tundu katikati yake. Shangazi alikuwa safarini, yeye akataka kunyoosha nguo mwenyewe, simu ikalia, akaenda kuipokea na pasi akaiacha palepale. Aliyepiga alikuwa shangazi, akimkumbusha asiguse pasi.

"Shemeji," alimwambia mama, "mwenzangu asijue. Nitakuwa nimekufa."

Mama alikubali. Siri za watu ndiyo nusu ya kazi yake. Lakini mimi nilikuwa nimemsumbua muda mrefu kwamba tufungue ukurasa mtandaoni, watu waone mikono yake, na tundu hilo lilikuwa zuri, la duara, kwenye kitambaa kigumu. Tukamwomba Mwalimu ruhusa tupige video ya kiganja kimoja tu cha kitambaa, si koti zima. Alijikuna kichwa, akasema sawa, nani ataweza kulijua koti kwa kiganja kimoja.

Nilipiga video hiyo kwa simu yangu, simu ikiwa imefungwa kwenye shingo ya taa. Mimi natengeneza kadi na mabango kwenye duka la uchapaji. Picha iliyotulia naijua. Hii inayotembea nilidhani ni ndugu yake, kumbe ni jirani tu.

Sasa ni lazima nieleze sheria ya ukoo wetu, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Kwetu hakuna kitu kinachotoka nje kabla ya kupita kwenye grupu la familia, na mwenye grupu ni shangazi. Tangu baba afariki, yeye ndiye macho yetu. Tangazo la chumba cha kupangisha lilipita kwake. Picha yangu ya kitambulisho ilipita kwake, akasema nirudie, nimenuna. Hoja yake ni moja siku zote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mama, ambaye ni wifi yake na kuziba ndiyo kazi yake, anakubali tu.

Basi nikakata video, nikaitoa, nikaituma kwenye grupu. Shangazi, aliyekuwa amesharudi safari, akasema ni ndefu. Kaka yangu akaichukua humo kwenye grupu, akaipunguza, akatia muziki, akairudisha. Kaka yangu anauza makava ya simu. Siku moja alimbandikia mteja kioo cha mbele bila kutia mapovu, mteja akamwita Injinia, jina likaganda na kichwa kikavimba. Shangazi akauliza muziki huo ni wa msiba wa nani. Injinia akaichukua tena, akabadilisha muziki, akairudisha. Shangazi akasema maandishi ni madogo. Nikaichukua mimi, nikayakuza, nikairudisha. Shangazi akataka jina la mama liwe juu, si chini. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chetu kilikuwa kinakwenda mrama mbele ya macho yetu tukikipigia makofi. Mwishowe akaandika: "Sasa sawa, ingawa sioni vizuri, labda ni miwani yangu." Mwalimu, ambaye alikuwa ameketi ubavuni mwake akitazama simu ileile, akaandika, "Kazi safi sana," na nina hakika hakuwahi kusifu kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Nikaichukua nakala hiyo ya mwisho kwenye grupu, nikaiweka mtandaoni.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Kila video inapopita kwenye grupu, programu inaiminya ili iwe nyepesi, na kila tunapoihariri na kuitoa upya, inaminywa tena. Ni kama kufua nguo ya rangi. Mara ya kwanza huoni tofauti. Sisi yetu tuliifua mpaka ikawa dekio.

Maoni yakaanza kuingia. La kwanza lilisema: "Kweli tundu halionekani. Hata koti halionekani." Nikacheka, potelea mbali. La pili lilisema mikono ya mama inafanana na mikate iliyoumuka. Nikacheka kidogo. La tatu likasema: "Hapo katikati picha inapoyeyuka kabadilisha koti. Njia ya mwongo ni fupi." Hilo ndilo watu walilolipenda. Walilipenda kuliko video yenyewe, wakalijibu, wakalitumiana, na ikapita siku chache tu mtaa mzima ukajua kwamba Fundi Matundu habadilishi nyuzi, anabadilisha nguo.

Mama aliyasoma maoni yote kwa kioo chake cha kukuzia, moja baada ya jingine, kama anakagua shuka.

"Nimeitwa maskini," alisema. "Nimeitwa mchelewaji, na hilo ni kweli. Mwongo sijawahi kuitwa mpaka leo."

Nilimwambia watu wa mtandaoni wana midomo mirefu, wasimsumbue. Labda angenisikia, lakini kesho yake akaja mlinzi wa benki, mteja wetu wa miaka, na suruali yake ya kazi. Zamani angeiacha na kwenda zake. Siku hiyo alisimama, akaguna, akauliza kama anaweza kukaa hapohapo atazame, si kwa ubaya. Mama akamvutia kigoda. Akafanya kazi yote yule bwana akimkodolea macho, na mimi niliyekaa naye maisha yangu yote nikamwona kwa mara ya kwanza akijichoma sindano. Mlinzi alipoondoka, mama alizima taa jua likiwa bado kali dirishani.

Akasema hapokei nguo nyingine mpaka video ile ionekane sawasawa. "Wakishaona na bado wakasema mwongo, basi, nitakubali. Lakini waone kwanza."

Niliona uchungu, nitasema wazi. Niliona pia hasira, na kwangu hasira ndiyo inayofanya kazi. Koti lilikuwa limesharudi kwa Mwalimu, haliwezi kuungua mara ya pili kwa ajili yetu. Kilichobaki ni ile video ya kwanza kabisa, mbichi, ndani ya simu yangu.

Injinia akajitolea. Akasema tatizo ni ubora, na dawa ya ubora ni kuweka kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa kuhariri, programu inakuuliza unataka video itoke vipi: picha iwe kubwa kiasi gani, fremu ngapi kwa sekunde, yaani picha tuli zinazofuatana, na data kiasi gani kwa sekunde. Kaka yangu hakusoma hata moja. Aliisukuma mistari yote mitatu ya vipimo hivyo mpaka mwisho kwa kidole kimoja, akakunja mikono kifuani.

Simu ikapata moto kama kikaango, kisha ikaandika kwamba nafasi imejaa. Tukafuta picha zangu. Ikajaa tena. Injinia akapendekeza tufute ile video mbichi, kwa kuwa si tunayo nyingine inatoka, na hapo nusura nimzabe kofi mbele ya mzazi. Nikafuta michezo yake badala yake. Video ikatoka, nzito kama gunia la saruji, ikashinda siku nzima inapanda mtandaoni, na ilipofika, mtandao ukaiona ni mzigo, ukaiminya kwa nguvu zaidi kuliko ya kwanza. Juu ya hayo, tulikuwa tumeomba fremu mara mbili ya zile nilizopiga, kwa hiyo programu ikajitungia zilizokosekana. Sindano ya mama ilikuwa ikitembea na mkia. Niliifuta kabla mtu hajaandika neno "mchawi".

Debe tupu haliachi kuvuma. Injinia akasema kosa ni la simu yangu.

Mama alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sura ya ugonjwa. Akaniuliza tunafanya nini hasa. Nikamwambia tunachagua video itoke vipi.

"Na mnajaribia kwenye koti zima?"

Nikasema ndiyo.

"Jaribieni kwenye upindo."

Anapopata kitambaa asichokijua hagusi kifuani mwa nguo. Anajaribu joto la pasi na unene wa uzi kule ndani ya upindo, mahali pasipoonekana, na kikiharibika hakuna anayelia. Nikakata kipande kifupi tu cha video, pale pagumu kuliko pote, sindano inapopenya kati ya uzi na uzi. Nikakitoa kwa namna moja, kisha nyingine, kisha nyingine, na kila kimoja nikakiweka mtandaoni mahali ninapoona mimi peke yangu. Nikavitazama kwenye simu yangu, kwenye simu ya mama yenye ufa, na kwenye kompyuta ya dukani bosi alipokwenda kula.

Yaliyotokea yalikuwa ya kawaida hata nikaona haya kwa jinsi tulivyohangaika. Ukubwa wa picha ubaki uleule niliopigia. Kuikuza hakuongezi uzi hata mmoja, unavuta tu kitambaa. Fremu vilevile, zibaki kama zilivyopigwa. Penye siri ni ile data ya kila sekunde. Programu ilikuwa imejichagulia kiasi kinachomtosha mtu aliyekaa akiongea, uso mmoja na ukuta nyuma yake. Kitambaa cha koti kina nyuzi elfu, kila moja inataka sehemu yake. Nikapandisha, nikaona nyuzi zinatengana. Nikapandisha tena, zikatulia. Nikapandisha zaidi, hakikubadilika kitu ila uzito, nikarudi nyuma hatua moja.

Kisha nikatoa video nzima mara moja tu, kutoka kwenye ile mbichi, bila muziki wa msiba wala wa harusi. Nilipoijaribu pale mahali pangu pa siri ilianza kuonekana na ukungu, Injinia akashika kichwa akisema imekufa tena. Kumbe mtandao unaonyesha kwanza nakala ya haraka huku ukiandaa ile nzuri. Mama alimwambia hata nguo ikitoka kwenye pasi inaachwa ipoe. Tukasubiri. Ukungu ukaondoka.

Mama aliweka kioo chake cha kukuzia juu ya simu. Alitazama sindano ikiingia na kutoka, alama ya pasi ikipungua, tundu likifumba kama jicho linalosinzia.

"Huyo ni mimi," akasema.

Sheria ya grupu nilikuwa naijua. Nilijua pia kwamba ndiyo iliyoua video ya kwanza. Nikaifungulia watu wote bila kumwonyesha shangazi, nikamsingizia Mungu moyoni kwamba ndiye aliyenipa ujasiri.

Ilionekana vizuri mno. Hilo ndilo jambo ambalo mimi, na kelele zangu zote za ubora, sikulifikiria. Ungeweza kuhesabu nyuzi. Ungeweza kuona sugu kwenye kidole gumba cha mama. Na pembeni kabisa mwa picha, mahali ambapo kwenye grupu palikuwa na doa jeusi tu, palikuwa na kifungo. Kifungo cha kahawia, kimeshonewa uzi wa buluu. Katika dunia nzima kuna mwanamke mmoja aliyewahi kushonea kifungo cha kahawia kwa uzi wa buluu, kwa sababu alikuwa na haraka na uzi mwingine haukuwepo, na mwanamke huyo hapitwi na kitu mtandaoni.

Maoni yakawa mazuri, ila yule wa njia ya mwongo hakukoma. Aliandika kwamba sasa picha ni safi, lakini koti la mwisho si lile la mwanzo, yeye ana macho. Nilikuwa natafuta tusi la kistaarabu la kumjibu ndipo mlango ukafunguliwa.

Shangazi aliingia na koti mkononi. Mwalimu alibaki kizingitini, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa.

Alikuwa na kesi tatu, akaanza na yangu kwa kuwa nilikuwa karibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaniambia, na guu langu yeye mwenyewe analitazamia kwa hamu. Kesi ya pili ilikuwa ya mumewe, na nadhani ilikwisha kusikilizwa nyumbani, maana alimnyooshea kidole tu naye akainamisha kichwa. Ya tatu ilikuwa ya mama. Alitandaza koti chini ya taa.

"Wifi, mimi na wewe tumezika watu pamoja. Unanificha tundu?"

"Koti lina mwenyewe," mama akajibu. "Na mwenyewe alisema asijue mtu."

"Mwenyewe huyo hapo mlangoni. Nionyeshe lilipokuwa."

Mama alimtazama Mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, ingawa ilikuwa kama anakubali kunyongwa. Lakini shangazi hakusubiri. Alishajua ni kifuani, karibu na kifungo. Akavaa miwani, akakishika kioo cha kukuzia, waya ukavutika, meza nzima ikasogea. Akatafuta. Akapapasa kwa kidole, akafumba macho akapapasa tena. Akaliinua koti dirishani mwanga upite. Akafungua video kwenye simu yake, akailaza pembeni ya koti, akapima kutoka kwenye kile kifungo chake cha aibu mpaka palipokuwa na tundu, akaweka ncha ya ukucha.

"Hapa."

Hapakuwa na kitu hapo. Uzi juu, uzi chini, kahawia tupu.

Akampa mama koti. Mama akainama chini ya taa, akapitisha vidole vyake polepole, kulia, kushoto, akarudi. Uso ukaanza kubadilika. Nilidhani analia.

"Wifi," akasema, "na mimi nimelipoteza."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na sisi wote tukacheka, hata Mwalimu kule mlangoni, kwa uangalifu. Tangu siku ya yule mlinzi wa benki hatukuwa tumesikia kicheko cha mama, na sikujua nilikuwa nimekikosa kiasi gani.

Shangazi alikaa kwenye kigoda kilekile cha mlinzi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa, bila nukta, anavyoandika siku zote. Akatuonyesha baada ya kutuma, si kabla. Aliandika: KOTI NI LA MUME WANGU KIFUNGO NILISHONA MIMI UZI WA BULUU MNAUONA MWANZO NA MWISHO ALIYECHOMA TUNAMJUA NIMETAFUTA TUNDU SILIONI FUNDI MWENYEWE HALIONI ANAYESEMA HUYU MAMA NI MWONGO AJE NYUMBANI KWANGU ATAFUTE.

Yule mwenye macho hakuandika tena.

Baadaye shangazi alimtuma Mwalimu dukani akanunue vocha, akahakikisha amepotelea kwenye kona. Alipogeuka alikuwa na sauti nyingine kabisa. Akafungua mkoba wake, akatoa suruali ya kahawia ya suti ileile, imekunjwa ndogo ndogo, akaikunjua chini ya taa. Karibu na goti palikuwa na alama ya pasi, ndogo kuliko ile ya koti, lakini ya ukoo uleule. Ilikuwa ya zamani.

"Hii asijue," akasema. "Na binti yako aiweke mbali hiyo simu."

Nikaiweka simu ndani ya kopo la nyuzi, nikafunika. Mama aliipokea suruali, akawasha taa, akaigeuza nje ndani, akaanza kutafuta upindo.